Hoho na papai zimegoma kuota kitaluni, ni baridi ya Njombe au nimeuziwa mbegu feki?

UwembaShambani
Habari za saizi wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na vitalu. Niko Njombe huku, mwanzoni mwa mwezi huu wa sita nimesia hoho kwenye trei, nyanya kidogo kwenye tuta pembeni ya nyumba, na papai ambazo nilikamua mwenyewe kutoka kwenye papai tamu sana lililoletwa toka Kyela, nikaziweka kwenye viriba sikuhiyohiyo zikiwa mbichi. Namwagilia asubuhi na jioni sikosi maana niliambiwa mbegu inataka maji tu basi. Sasa mwezi unakatika, nyanya zimechomoza mojamoja tena zimepishana, hoho kwenye trei kimya, papai ndo kabisaa hakuna hata dalili.

Hoho nilinunua dukani, kopo lina lebo na kila kitu, nikimpigia muuzaji ananiambia vumilia. Jirani mmoja anasema nimeuziwa feki, mwingine anasema mi nina mkono mzito, mwingine eti ningesia mwezi ukiwa mchanga. Nataka kujua mbegu inahitaji nini hasa mpaka iote, na je nimwage nianze upya au nisubiri? Kuna robo eka nimeshaikodi bondeni na hela ya watu imeenda tayari.

FundiKitalu
Mkuu kabla hujagombana na muuzaji chukua kijiti, fukua mbegu tano sita za hoho na tano sita za papai uziangalie. Watu wengi wanakaa kubishana mbegu feki mbegu feki na hakuna aliyefukua hata moja, wakati jibu liko hapohapo sentimita moja chini ya udongo.

Ukikuta mbegu bado kavu na ngumu ujue maji hayajaifikia, hii inatokea sana kwenye trei zenye kokopiti (yale makapi ya ganda la nazi) iliyokauka, maji yanapita pembeni yanatokea chini na katikati kukavu. Ukikuta imevimba, ukiibinya na kucha ni imara na ndani nyeupe, hiyo ina uwezekano mkubwa iko hai inasubiri joto. Ikipasuka ikatoa uji na harufu imeoza, hapo ni maji mengi au ilikuwa imekufa tangu dukani. Ukikuta ganda tupu kuna mdudu kala, na kama huoni kitu chochote ulaumu sisimizi, wanabeba mbegu za nyanya na saladi usiku kucha hao. Na ukikuta kamzizi kalishatoka halafu kakawa kahawia kamelegea, hiyo iliota vizuri tu ikafia humohumo chini, mara nyingi ni kinyausi, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga.

Lete majibu ndo tuendelee. Ila kwa Njombe mwezi wa sita mi nawaza baridi kwanza kabla ya feki.

MzeeWaNjegere
Baridi ndo nini sasa? Sisi huku tunasia kabichi mwezi huohuo wa sita na zinaota bila shida, njegere zinaota, vitunguu vinaota. Baridi ingekuwa inazuia mbegu Njombe nzima tungekula nini. Huyo kauziwa feki aende akadai hela yake.

FundiKitalu
Mzee wangu shikamoo, hapo umetaja kabichi, njegere na vitunguu, yote mazao ya baridi hayo. Asili ya kabichi ni pwani za Ulaya kwenye upepo na ubaridi, hoho asili yake Marekani ya kati na kusini kwenye joto. Kila mbegu ina kiwango chake.

Hizi namba ni za majaribio ya maabara, shambani huwa inachelewa zaidi ya hapo. Udongo ukiwa nyuzi 25 nyanya inaota kama siku 6, ukiwa 20 siku 8, ukishuka 15 ni siku 14, na ukiwa 10 inachukua siku 43 hivi, yaani mwezi na nusu kwa mbegu ileile kutoka kopo lilelile. Hoho ndo mdekezwa zaidi, kwenye 25 inachukua siku 8, kwenye 20 kama siku 12 au 13, kwenye 15 siku 25, na kwenye 10 haioti kabisa inakaa tu. Sasa linganisha na kabichi, kwenye 10 hiyohiyo inatoka ndani ya siku 15, kitunguu siku 13. Ndo maana za kwako mzee zinatoka na za huyu kijana zimenuna.

Na joto ninalosema ni la udongo pale mbegu ilipolala, sio la hewa ya saa saba mchana ukiwa umevua koti. Njombe mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, usiku mwezi wa sita na wa saba inashuka chini ya 10 na kuna siku asubuhi unakuta majani yamepiga barafu. Sasa hapo umwagilie na maji ya kisima jioni, trei inalala na ubaridi mpaka saa nne kesho yake.

MzeeWaNjegere
Marahaba. Sawa nimekuelewa kwenye hoho. Lakini mwezi mchanga usiudharau.

mkulima_kwa_simu
Mi nashauri nyunyizia urea kidogo kwa maji ya kumwagilia zitaamka chap, mi nilionaga mtu anafanya hivo

FundiKitalu
Hapana jamani hapana. Urea karibu na mbegu inayoota inatoa amonia inaunguza kale kamzizi, na chumvi ya mbolea inavuta maji badala ya mbegu kuyapata. Mbegu inatembea na chakula chake ndani, haiombi mbolea mpaka majani halisi yaanze kutoka. Hata samadi mbichi usiweke kitaluni, inachemka na inatoa gesi hiyohiyo.

MamaTogwa
Mi sio mtaalam wa vitalu lakini nimecheka kidogo maana kuotesha mbegu ndo kazi yangu, nauza togwa Songea na kimea natengeneza mwenyewe kwa ulezi. Hakuna mama wa kimea anayeweza kumwagia ulezi maji asubuhi na jioni uelee halafu ategemee kimea. Tunaloweka usiku mmoja, asubuhi maji yote tunayachuja, tunatia kwenye gunia au kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, tunafunika, tunaweka sehemu yenye joto mara nyingi karibu na jikoni. Halafu unageuza na mkono, chini juu chini juu, unanyunyiza kidogo ukiona unakauka. Usipogeuza katikati kunachemka kunatoa harufu ya kuvunda na ulezi wa kule chini hauoti, unakuta umetelezateleza. Wakati wa baridi kimea kinachelewa hata mara mbili ya kawaida, hiyo kila mama anajua, gunia tunalisogeza kabisa kwenye mafiga.

Kwa hiyo mwanangu Uwemba punguza maji, ongeza joto, na hewa ipite. Mi ndo navyojua hivyo.

ticha_wa_bio
Huyu mama kamaliza somo zima la kidato, maji, hewa na joto, na kaliweka vizuri kuliko daftari langu. Ngoja niongezee kinachoendelea mle ndani maana muuliza swali katuomba kitaalamu.

Kitu cha kwanza mbegu kavu inafyonza maji. Hindi linahitaji kufyonza kama asilimia 30 ya uzito wake ndo lianze kuota, soya inataka mpaka asilimia 50. Hapa watu wanadanganyika, huko kufyonza ni kwa kawaida tu ya vitu vikavu, hata mbegu iliyokufa zamani ukiiloweka inavimba, kwa hiyo kuvimba peke yake hakuthibitishi uhai. Kwenye iliyo hai maji yakishaingia kile kiinitete, yaani kimche kichanga kilicho ndani ya mbegu, kinaamka na kutuma homoni, kwenye nafaka inaitwa jibereli, inaenda kwenye tabaka jembamba chini ya ganda kuamrisha vimeng'enya vitengenezwe, na hivyo ndo vinavunja wanga kuwa sukari. Ndo maana kimea cha mama hapo juu ukikitia kwenye uji unakuwa mwepesi na unapata utamu bila sukari ya dukani.

Sukari hiyo sasa inachomwa kupata nguvu na hapo ndo oksijeni inahitajika. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, oksijeni haisafiri vizuri kwenye maji, mbegu inakosa pumzi na kuvu wa kuozesha wanapata sherehe. Mpunga unavumilia kuota chini ya maji, ila hoho na papai haziwezi. Kinachotoka kwanza ni mzizi, baadae ndo shina. Maharage yanainua yale mapande mawili ya mbegu juu ya udongo, mahindi yanaacha mbegu chini na kutuma kichomozo peke yake, ndo maana hindi unaweza kulifukia sentimita 5 likatoka ila hoho ukiifukia hivyo chakula kinaisha kabla haijaona jua. Mara mbili au tatu ya unene wa mbegu inatosha.

dada_wa_saladi
Ticha na mwanga je? Shuleni tuliambiwa mbegu haihitaji mwanga kuota, ila saladi yangu nikiifukia haitoki, nikiitupia juujuu inatoka vizuri tu

ticha_wa_bio
Uko sahihi na mwalimu wako alikuwa sahihi kwa mbegu nyingi, mahindi na maharage hayajali. Saladi baadhi ya aina zinajali sana. Mwaka 1952 watafiti wa Marekani kina Borthwick na Hendricks walimulika mbegu za saladi aina ya Grand Rapids kwa mwanga mwekundu zikaota, wakamulika kwa mwekundu wa mbali kabisa ule ambao jicho linauona kwa shida zikagoma, wakarudia mwekundu zikakubali tena, na kila mara kilichoamua ni mwanga wa mwisho kumulikwa. Mbegu ndogo namna hiyo haina akiba ya kusukuma udongo mwingi, kwa hiyo inataka uhakika kwamba iko juu. Magugu mengi ndo mchezo wao huohuo, unalima leo unageuza udongo, mbegu zilizokuwa zimelala chini zinapata kamwanga kidogo, wiki inayofuata shamba zima kijani na hukupanda wewe.

Af saladi joto pia inaichukia, ikizidi nyuzi 30 aina nyingi zinalala. Wa Dar wanaolalamika saladi haioti mwezi wa pili wajue hivyo.

Ila kwa ubishi wa mbegu hakuna anayeifikia kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalomaliza mahindi na mtama kanda ya ziwa na kati. Ukiipa maji na joto peke yake inaendelea kukaa, inasubiri mpaka ipate kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mahindi au mtama uliopo karibu, hapo ndo inaota na kujishika. Inaweza kukaa ardhini miaka zaidi ya 10 ikisubiri hivyo. Na kuna jamaa anaitwa William Beal kule Michigan alifukia chupa za mbegu mwaka 1879, wenzake wanafukua moja moja kila baada ya miaka kadhaa, ya mwaka 2021 walipootesha bado kuna zilizochipua. Kwa hiyo kijana hoho yako ya wiki tatu nne usiikatie tamaa.

papai_la_mkuranga
Nimechelewa uzi lakini kwenye papai ndo nyumbani kwangu. Mkuu hizo papai ulizozitia kwenye kiriba zikiwa mbichi zimetoka na ule utelezi wake? Yaani kale kamfuko ka majimaji kanakozunguka kila mbegu? Kama ndio basi usihangaike na baridi kwanza, ule utelezi una vitu vinavyozuia mbegu kuota, kazi yake ni kuhakikisha mbegu hazichipui humohumo ndani ya tunda. Ukipanda nao mbegu inachelewa mno au inaozea hapo.

Mi nachofanya, nakamua kwenye chekecheo au kwenye mfuko wa nailoni wa kitunguu, natia mchanga kidogo au jivu nasugua mpaka kila kamfuko kapasuke, naosha maji mengi, zinazoelea namwaga maana nyingi ni tupu, zilizozama naanika kivulini siku chache sio juani. Siku ya kusia naloweka usiku kucha. Hapo Mkuranga kwenye joto letu naanza kuona kichwa wiki ya pili, nyingine mpaka ya nne, papai halina haraka hata ufanyeje.

Mengine mawili. Kama papai la Kyela lilikuwa F1, yaani chotara, miche itatoka mchanganyiko, usitegemee utamu uleule. Na jinsia huwezi kuijua kwenye mbegu, kwa zile aina zenye madume na majike weka miche mitatu shimo moja, ikitoa maua ng'oa madume ubakize machache ya kuchavusha. Ila mkuu kusema ukweli papai kwenye mita 2,000 linakua kwa manung'uniko na tunda halipati sukari, Njombe nyie mmepewa parachichi, fanya parachichi.

FundiKitalu
Naunga mkono kwenye parachichi ila nitahadharishe hapohapo, kokwa la parachichi usilitendee kama mbegu ya papai au hoho. Ukilianika likauka limekufa, halina kulala wala kuhifadhiwa kwenye kopo. Embe, fenesi na kakao ni hivyohivyo, zinataka kupandwa zikiwa na unyevu wake. Chukua kokwa bichi, menya ganda la kahawia, upande mpana chini na kichwa chembamba juu, acha kichwa kichungulie kidogo. Miche ya hayo ndo wanayobebeshea Hass, ile aina ya parachichi ya biashara.

BwanaMiti
Kwa wanaopita humu na mbegu za miti, kule shida inageuka, ganda ni gumu maji hayaingii hata uloweke wiki. Lukina na migunga mwagia maji ya moto yaliyotoka kuchemka kidogo, sio kuchemshia jikoni, ziache kwenye maji hayohayo yapoe mpaka kesho, zilizovimba sia, zilizobaki ngumu rudia. Mtiki loweka usiku anika mchana, rudia hivyo siku kadhaa. Usifanye haya kwenye hoho utakuwa unapika supu.

afisa_ugani_mstaafu
Kwenye suala la feki. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ipo kwa ajili hiyo, angalia namba ya loti, tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji, usiangalie picha ya hoho nyekundu juu ya kopo. Lakini mbegu inaweza kuwa halali kabisa na ikafia dukani. Kopo likikaa dirishani juani au juu ya rafu chini ya bati miezi kadhaa uhai unashuka. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1 umri wake wa kuhifadhiwa unaongezeka karibu mara mbili, na kila joto likipungua kwa nyuzi 5 ni hivyohivyo. Kwa hiyo kavu na baridi. Ukishafungua kopo mbegu ulizobakiza zinaanza kunywa unyevu wa hewa, funga vizuri tia kwenye chupa yenye mfuniko.

Na kabla ya kusia trei nzima pima. Mbegu 20 juu ya tishu yenye unyevu, kunja, tia kwenye mfuko wa nailoni usiokazwa, weka sehemu ya joto la nyuzi 25 hivi, hesabu baada ya wiki mbili kwa hoho. Zikiota 17 una asilimia 85 na muuzaji hana kesi. Zikiota 6 kwenye joto zuri hapo sasa nenda dukani na tishu yako mkononi.

UwembaShambani
Wakuu nimefukua jana jioni. Hoho nyingi zimevimba, nimebinya ni ngumu na ndani nyeupe kama alivyosema Fundi, mbili tatu ndo zimekuwa uji. Papai zote zinateleza na zinanuka, nimemwaga viriba. Nyanya zilizotoka ni za upande wa ukuta unaopigwa na jua la mchana, upande wa kivuli hakuna. Za kwenye kopo zilizobaki nimeweka kwenye tishu juu ya kabati jikoni, MamaTogwa ubarikiwe. Sasa trei nifanyeje, ziko sita

FundiKitalu
Safi, usimwage hoho. Trei zote ingiza ndani, usiku ziwe chumba chenye jiko ila sio juu ya jiko, zifunike na nailoni angavu ibaki nafasi ya juu, mchana zitoe zipate jua upande wa ule ukuta wako. Kumwagilia iwe mara moja saa nne saa tano asubuhi, maji yawe ya vuguvugu, na kabla hujamwagilia tia kidole, kukiwa na unyevu acha. Hakikisha matundu ya chini hayajaziba, na usiziweke sakafuni kwenye sementi, inua kwenye chanja.

Ukiona vichwa vinatoka nailoni toa siku hiyohiyo. Hapa ndo watu wanapoteza, wanafurahi wanaacha nailoni, unyevunyevu unazidi kinyausi inapita trei nzima kwa usiku mmoja, shina linanyong'onyea pale kwenye udongo mche unalala. Na vikishatoka vipe mwanga wa kutosha la sivyo vinarefuka kama vijiti vya kiberiti. Bondeni usipeleke mwezi wa saba, barafu inashukia huko, subiri mwezi wa tisa.

MamaTogwa
Amina mwanangu. Na ukichungulia tishu usizifunue kila saa.

mama_wa_vitunguu
Samahani kwa kuingilia uzi, nina nusu kilo ya mbegu ya kitunguu nimebakiza tangu mwaka juzi, iko kwenye mfuko wa karatasi stoo, Mang'ola huku. Naweza kusia?

afisa_ugani_mstaafu
Kitunguu ni katika mbegu zenye umri mfupi kabisa dada, mwaka mmoja kwenye joto la stoo inakuwa imeshachoka sana, na karatasi haizuii unyevu. Weka 50 kwenye tishu leo, kitunguu hakichelewi, ndani ya siku saba nane utaona. Zikitoka chini ya nusu usihangaike nazo, nunua mpya, maana hata zitakazoota zitatoa miche dhaifu inayopishana na utashindwa kuhamisha kwa pamoja.